Hadithi iliyokuja kwa simu

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Mimi ni mama wa watoto, naishi Wete. Kila ukikaribia Ramadhani tunaletewa kwa WhatsApp maneno kwamba atakayekuwa wa mwanzo kuwapasha wenzake habari ya kuingia mwezi huo, ameharamishiwa Moto, na chini yake imeandikwa "Bukhari". Mwaka huu nimewapelekea jamaa zangu wote, kisha kijana wangu akaniambia si hadithi. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Kijana wako amesema kweli, dada yangu. Maneno hayo hayana asili, wala hayamo katika Sahihi, kitabu cha hadithi cha Imam Bukhari. Jina la Bukhari peke yake si dalili, kwani Sahihi hiyo ina hadithi zaidi ya 7,000 pamoja na zilizokaririwa, zimepangwa kwa vitabu na milango, na kila moja ina wapokezi wake. Basi anayekuletea hadithi mwulize imo kitabu gani na mlango gani (nambari isikutoshe, kwa kuwa hutofautiana baina ya chapa na chapa), na akikosa jibu, ikomee kwako. Abdullahi bin al-Mubarak, mwanachuoni wa hadithi wa zama za mwanzo, amesema, kama alivyopokea Imam Muslim katika utangulizi wa Sahihi yake, kwamba isnadi (yaani mlolongo wa wapokezi wa hadithi) ni katika dini, na lau si isnadi angesema atakaye alitakalo.

Jambo hili halikuanza na simu. Mwaka 1908, zama za Wajerumani, ilienea Lindi barua iliyojulikana kama Barua ya Makka, ikinasibishwa na Sheikh Ahmad, aliyedaiwa kuwa mlinzi wa kaburi la Bwana Mtume (S.A.W.), na watu wakaipitisha mkono kwa mkono bila ya kumjua aliyeiandika.

Ama hayo uliyokwisha kuyapeleka, yanataka zaidi ya kuyafuta kwenye simu yako. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tukiletewa habari na fasiki "fatabayyanuu", yaani tuichunguze mpaka itubainikie. Na katika Suratul Baqara, aya ya 160, amewasamehe walioficha haki kwa sharti la kutubu, kutengeneza, "wabayyanuu", na wakabainisha. Maneno mawili hayo ni ya asili moja, nami naona yanakuhusu yote mawili: uchunguzi ulikupita, kubainisha bado kumo mkononi mwako. Waandikie walewale, mmoja mmoja, kwamba ile haikuwa hadithi, na uwaombe nao wawaambie waliowapelekea. Hukukusudia kumzulia Mtume, na kwa kosa lisilokusudiwa Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Ahzab, aya ya 5, kuwa hapana lawama. Wallahu aalam.