Mwale, halo na kengele mnazochora kwa haraka

Shikamoo mwalimu. Kwenye LHC, ile mashine kubwa ya kugonganisha protoni huko Ulaya, wanapitisha waya ndani ya mwale wa protoni ili wapime upana wake. Mbona waya hauungui? (Mwanafunzi, Vwawa)

Marahaba. Ukiuacha humo utaungua. Ni uzi wa kaboni, mwembamba kuliko unywele, na unakatiza mwale kwa kasi ya mita 1 hivi kwa sekunde. Protoni zikiugonga, chembe nyingine hurushwa pembeni na kuhesabiwa nje ya bomba. Hesabu hiyo ikichorwa kufuata mahali waya ulipo, umbo la mwale linajitokeza. Mashine ikishajaa protoni, waya hauingizwi: utakatika, au chembe zitakazorushwa zitazipasha moto sumaku zilizopozwa hadi nyuzi 271 chini ya sifuri.

Je, mashine hiyo inaweza kuimeza dunia? (Mafinga)

Hapana. Someni majibu ya nyuma kabla ya kushika simu.

Nimemulika leza kwenye karatasi, nikapiga picha kwa simu, kompyuta ikanichorea kengele nzuri (grafu yenye umbo la kengele) na sigma yake, kipimo cha upana. Mwalimu kanipa sifuri kwenye swali la halo, ule ukungu hafifu unaozunguka kiini cha mwale. Kwa nini? (Iringa)

Mwalimu wako nampa mkono. Picha ya kawaida ya simu ina ngazi 256 tu za mwanga. Halo tunayoitafuta ni sehemu moja kwa laki ya kilele, pengine moja kwa milioni. Itakaa wapi humo? Tena najua mlivyo: mnaongeza mwanga ili picha ipendeze, katikati panajaa, kilele kinakuwa bapa kama uwanda wa Kitulo, halafu kompyuta inalazimisha kengele juu ya bapa hilo na kukupa sigma kubwa kuliko ya kweli. Kengele umeileta wewe, leza haijakuahidi. Kwa kengele safi, nje ya sigma 5 hubaki chini ya chembe moja katika milioni. Miale halisi huzidisha hapo. Punguza mwanga, piga picha kadhaa za muda mfupi na mrefu, ziunganishe, kisha chora mhimili wima kwa logi, yaani kila hatua iwe mara kumi ya iliyotangulia. Grafu ya halo isiyo ya logi msinitumie tena. Na leza usimmulikie mtu machoni.

Tulitazama jua likipatwa pale Rujewa, 1 Septemba 2016. Ile pete ndiyo halo? (Mbarali)

Ile pete ilikuwa jua lenyewe. Taji la jua, gesi yake ya nje, hamkuliona, kwa kuwa mng'ao wake ni kama sehemu moja kwa milioni ya uso wa jua. Ule ukingo uliobaki ulitosha kulifuta. Anayepima halo ana shida hiyo hiyo. Miaka ya 1930 Mfaransa Bernard Lyot alitengeneza darubini yenye kisahani cha kuziba jua, akaongeza kizuizi cha pili cha kunasa mwanga unaojipinda kwenye ukingo wa lenzi. Bila hicho cha pili, kisahani hakikusaidii kitu. Wajapani wa maabara ya KEK waliigeuza darubini hiyo itazame mwale wa chembe: chembe zikipindwa na sumaku hutoa mwanga, kisahani kinaziba kiini, pembeni panaonekana. Imejaribiwa LHC pia.

Si waikate tu hiyo halo? (Makambako)

Wanaikata, kwa taya za kolimeta, kifaa kinachozuia chembe za pembeni. Inarudi: protoni husukumana, hugonga gesi iliyosalia bombani. Mwale mmoja wa LHC ulisanifiwa kubeba megajuli 362. Asilimia 1 tu ikikaa pembeni ni megajuli 3.6, na mwale ukiyumba, hiyo ndiyo inayotangulia kugonga taya.