Dari Inavuja Baada ya Ukarabati? Anza na Mita, Jirani Baadaye

Ukarabati wa ghorofa ukiisha, ugomvi mwingi huanza na doa la maji darini. Wa chini anamlaumu wa juu, wa juu anamtaja mkandarasi, uongozi wa jengo unasema malizaneni. Tafadhali usiandike barua ya madai kabla hujajua maji yanatoka wapi, maana deni hufuata bomba.

Mwombe jirani wa juu afunge koki zote, kisha msimame pamoja mbele ya mita yake. Kigurudumu kidogo cha mita kikiendelea kuzunguka, maji safi yanavuja mahali fulani kwake. Kikitulia, hamieni bafuni. Zibeni tundu la sakafu kwa tambara lililofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, mwageni maji kina cha sentimita 2 au 3 bila kuvuka kizingiti, mtie alama ya penseli ukutani, muache saa 24. Doa likikua, sakafu haizuii maji. Hili ndilo kosa tunalolikuta zaidi: fundi anang'oa vigae vya zamani pamoja na tabaka la kuzuia maji, halafu anabandika vipya juu ya zege tupu. Saruji nyeupe ya kwenye maungio ya vigae haitoshi kuzuia maji. Doa likitokea baada tu ya kuzibua tundu, chunguzeni bomba la maji machafu.

Bomba linalohudumia nyumba moja ni la mwenye nyumba hiyo. Bomba kuu la kushuka, paa na kuta za nje ni mali ya pamoja. Tanzania, sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inauachia umoja wa wamiliki kazi ya kuzitunza, kwa michango ya wote. Mpangaji amwandikie mwenye nyumba wake.

Mkandarasi hubanwa na aliyesaini naye mkataba. Mikataba mingi huzuia asilimia 5 hadi 10 ya malipo kwa miezi 6 au 12, kwa hiyo kasoro ziorodheshwe kwa maandishi kabla fedha hiyo haijaachiwa. Ikishindikana, nchini Tanzania madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, ya uzembe miaka 3.

Piga picha zenye tarehe kabla dari haijapakwa rangi. Plasta ikiwa bado mbichi, rangi itabanduka, na ushahidi wako utakuwa umeshafunikwa.