L'Orfeo ya Monteverdi: anza na besi, mandhari baadaye

L'Orfeo ni opera ya Orfeo, mwimbaji anayemfuata mkewe Eurydice kuzimu. Wanaopewa kuiandaa mara ya kwanza hukimbilia mandhari: mto wa kuzimu utakuwaje, mungu Apollo atashukaje. Subiri kwanza. Opera hii, iliyoonyeshwa Mantua Februari 1607, inabebwa na watu watano au sita wanaopiga besi. Wameandikiwa mstari mmoja wenye namba chache; akodi zote (noti zinazopigwa pamoja) wanajaza wenyewe. Wasipokubaliana mapema nani anapiga wapi, muziki unakuwa uji.

Chukua nota zilizochapwa Venice mwaka 1609, uzipitie zote na kalamu mkononi. Orodha ya vyombo iliyo mwanzoni haijitoshelezi: imetaja kitarone 2, ndani zinatakiwa 3, imetaja tromboni 4, ndani wanapiga 5. Anayekodi wapigaji kwa orodha hiyo hugundua pengo wiki ya mwisho. (Kitarone ni ndugu wa udi wa taarabu, ila shingo yake ni ndefu ajabu. Pima mlango wa ukumbi.)

Maelekezo ya Monteverdi kuhusu vyombo yafuate jinsi yalivyo, maana ndiyo mwanga wa jukwaani. Mjumbe anayeleta habari ya kifo cha Eurydice anaimba kwa kinanda cha mabomba ya mbao na kitarone. Mchungaji anapodakia, kinanda cha nyuzi kinaingia. Sikio linajua nani ameshaujua msiba na nani bado. Charon, mvushaji wa kuzimu, ana regale, kinanda kidogo cha ndimi za shaba chenye sauti ya kukoroma. Tatizo la regale ni joto. Ukumbi ukipata moto, mabomba ya mbao yanapanda, takriban senti 3 (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni) kwa kila nyuzijoto, lakini ndimi hazipandi nayo. Viwili vilivyopatana saa kumi jioni vitagombana saa mbili usiku. Sawazisha taa zikiwa zimewaka, kisha sawazisha tena wakati wa mapumziko.

Waimbaji wasome maneno ya Kitaliano kwa sauti, bila noti, mpaka yatoke kama mazungumzo. Sehemu za kuimba kwa kuongea hazihesabiwi moja, mbili, tatu, nne. Besi inakaa kwenye noti ndefu ikimsubiri mwimbaji. Kondakta anayepiga mkono hapo anaziua.

“Possente spirto”, katika tendo la tatu, inataka mazoezi ya peke yake. Sauti ya Orfeo ina mistari miwili, mmoja mtupu na mwingine wa mapambo; anaimba mmoja tu. Wanaomjibu hubadilika: zeze 2, kisha pembe za mbao 2, kisha kinubi. Wapiga pembe midomo yao huchoka upesi, kwa hiyo usiirudie mara nne kwa siku. Pia angalia trilo, pambo la sauti: hapa ni noti moja inayopigwapigwa kooni. Wasiouzoea muziki huu huigeuza mtikisiko wa noti mbili, na kilio kinakuwa maringo.

Charon halainiki kwa wimbo wote huo. Analazwa usingizi na kipande cha vyombo peke yake, kinachopigwa kwa sauti ya chini sana, ndipo Orfeo anaingia mtumbwini. Mwongozaji asimlaze mapema ili kuokoa muda.

Katika tendo la nne nota zinataka kishindo nyuma ya jukwaa, na hicho ndicho kinachomfanya Orfeo ageuke kumtazama mkewe, jambo alilokatazwa. Mpe mtu mmoja kazi hiyo tu, awe na nota mkononi: kishindo kikichelewa hata pumzi moja, Orfeo anaonekana mjinga.

Tendo la tano linahitaji vinanda 2 vya mbao na kitarone 2, vikigawanywa pembe ya kushoto na ya kulia ya jukwaa. Panga nafasi na umeme wake kabla fundi hajapigilia msumari.

Kuhusu mwisho, kitabu cha maneno cha 1607 kina wanawake wafuasi wa Bacchus, mungu wa mvinyo; nota za 1609 zina Apollo, na muziki tulio nao ni wa Apollo. Anapaa na Orfeo huku wakiimba noti za kukimbia. Mikanda ya kuinulia hubana mbavu, pumzi zinakatika, tena huko juu besi haisikiki vizuri. Waanze kuivaa mikanda mazoezini wiki tatu kabla, na kitarone moja ikae chini yao hasa.