Shingo ya Mama imeinama: tumpeleke kwa bingwa gani?

SWALI: Mama ana miaka 71, na huu ni mwaka wa sita anatumia dawa ya levodopa kwa ugonjwa wa Parkinson. Siku hizi shingo imeinama hadi kidevu kinakaribia kifua. Vidole vina ganzi, na kufunga vifungo vya nguo kunamshinda. Tunaambiwa ni Parkinson ileile. Aonwe na bingwa wa mifupa au wa mishipa ya fahamu?

JIBU: Anzeni kwa bingwa wa mishipa ya fahamu, lakini hiyo "ileile" msiikubali kabla shingo haijapimwa.

Parkinson yenyewe huweza kuinamisha shingo. Ganzi ya vidole ndiyo inayotutia wasiwasi. Pingili za shingo zikichakaa huweza kuubana uti wa mgongo, yaani ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani yake, na hapo mikono hupoteza wepesi, miguu huwa mizito, mkojo hubana ghafla. Kwa kuwa mgonjwa tayari ana Parkinson, kila kitu hubebeshwa ugonjwa huo. Mwombeni daktari amgonge magoti kwa kinyundo: yakiruka kupita kiasi, uti wa mgongo ushukiwe. Kipimo ni MRI ya shingo, picha ya mashine ya sumaku inayoonyesha hata uti wenyewe. Eksirei huonyesha mifupa tu, uti uliobanwa hauonekani.

Miguu ikilegea ndani ya siku chache, au Mama akishindwa kuzuia mkojo, msisubiri miadi. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Kabla ya kwenda, mrekodini kwa simu akiwa ameketi na akitembea: mara moja kabla ya dozi ya asubuhi, tena saa moja baada ya kuimeza. Mlazeni chali bila mto muone kama kichwa kinashuka hadi kwenye godoro. Kikishuka, shingo haijakakamaa moja kwa moja, na mazoezi ya misuli ya nyuma ya shingo yana nafasi ya kusaidia. Andikeni kila dawa, saa zake na tarehe ilipoanzwa, kwa sababu dawa nyingine za Parkinson, pramipexole na amantadine, wakati mwingine ndizo zinazoinamisha shingo. Hata hivyo msiziache wenyewe. Kukatisha dawa za Parkinson ghafla ni hatari.

Kola ya shingo msiinunue kwa kubahatisha. Ikivaliwa kutwa hudhoofisha misuli na huweza kutatiza kumeza. Akipendekezewa sindano ya botulinamu ya kulegeza misuli, mwambieni daktari kwanza kama Mama hupaliwa anapokula, maana ikidungwa mbele ya shingo huweza kuzidisha shida hiyo.

MRI ikionyesha uti umebanwa, hapo ndipo zamu ya mpasuaji wa uti wa mgongo. Lengo kubwa la upasuaji huo ni kuzuia hali isizidi kuharibika. Mtetemo wa Parkinson hautaondoka. Kabla ya siku yenyewe, kubalianeni na daktari wa usingizi jinsi Mama atakavyopata levodopa kwa saa zake, hata akiwa amezuiwa kula. Na kwenye faili lake iandikwe waziwazi: akipata kichefuchefu asipewe metoclopramide, akichanganyikiwa asipewe haloperidol. Zote mbili huzuia dopamini, kemikali ya ubongo inayopungua kwa wenye Parkinson, na Mama anaweza kukakamaa kuliko alivyoingia.