Poni wa watoto, ila siku ya Jumanne atalishwa na nani?

"Jambo Tantine. Binti yetu ana miaka 8, mdogo wake wa kiume ana 5. Tangu mwaka jana wanapelekwa kwenye farasi kila Jumamosi na sasa hawana wimbo mwingine. Kuna jirani anayehama Lubumbashi, anauza poni, yaani farasi wa kimo kifupi, wa miaka mitatu kwa bei ya chini. Baba yao amekwisha kuwaahidi, mezani, bila kuniuliza. Anasema watakua pamoja na huyo poni. Yeye kazi yake iko Kolwezi, anarudi mwisho wa mwezi. Nikisema watoto bado wadogo, naonekana ninawanyima furaha. Mtoto anafaa kuwa na poni wake akiwa na umri gani? – Mama wa wawili."

Mama, pole. Ni vigumu kuwa mtu wa kukataa wakati mwenzako amekwisha kukubali mbele ya watoto. Tutafika hapo. Tuanze na poni.

Umri peke yake hautakupa jibu. Walimu wengi wa kupanda farasi huanza masomo kamili mtoto akiwa na miaka 6 hivi, anapoweza kukaa wima, kushika hatamu na kufuata anachoambiwa. Chini ya hapo mtoto hutembezwa tu, kamba ikiwa mkononi mwa mtu mzima. Kwa hiyo mdogo wa miaka 5 tumtoe kwenye hesabu, tubaki na dada yake.

Jumamosi ijayo nenda naye wewe mwenyewe. Akiwa juu ya tandiko usihangaike kumtazama sana, maana juu kila mtoto anapendeza. Mtazame akishuka. Je, anamwachia saisi, yaani mtunza farasi, hatamu na kukimbilia soda? Au anabaki, anapiga brashi, anamwinua poni mguu na kuchokoa udongo na vijiwe kwenye kwato, akianzia nyuma kuja mbele? Anajua kutopita karibu na miguu ya nyuma bila farasi kusikia sauti yake? Poni akikaidi, anatulia au anapiga kelele? Fanya hivyo miezi kadhaa, hasa asubuhi za mvua, matope yakiwa mpaka kwenye kifundo cha mguu. Mtoto anayeomba kusafisha zizi bila kusukumwa, huyo ndiye tunaweza kuanza kumzungumzia.

Hata huyo hawezi kuachiwa mnyama. Nalisema hili kwa uzito: mtoto wa miaka 8 hamiliki poni, anasaidia mtu mzima anayemmiliki. Baba yuko Kolwezi. Wewe una kazi na nyumba. Basi siku ya Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, nani yuko zizini? Ukinijibu "sentinele", yaani mlinzi wa nyumba, nitakuuliza kama amewahi kushika farasi. Farasi hawezi kutapika. Mtu mwenye huruma akimmwagia ndoo ya mahindi au pumba kwa sababu anaonekana ana njaa, tumbo linaweza kumsokota hadi afe, au kwato zikaingia uvimbe na maumivu asiweze hata kusimama. Chakula chake ni majani: poni wa kilo 200 anahitaji kama kilo 4 za majani makavu kila siku, pamoja na maji safi. Mvua zikikatika, kuanzia Mei, nyasi za hapa zinakauka na kuungua, na majani yanakuwa ya kununua. Kwato hutengenezwa kila wiki 6 hadi 8 na mtu anayejua kazi hiyo.

Halafu kuna magonjwa. Wakati wa mvua visubi huambukiza ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoua haraka na kuua wengi, na kupe nao wana yao. Kabla ya kuzungumza bei, muulizeni daktari wa mifugo anayewajua farasi kuhusu chanjo. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha udaktari wa mifugo, anzeni kuulizia huko.

Hilo la "watakua pamoja" ndilo linalonitisha zaidi. Poni wa miaka mitatu bado hajafundishwa vya kutosha. Anashtuka, anajaribu, anaruka. Ukimweka mtoto anayejifunza juu ya mnyama anayejifunza, mmoja ataumia, na mara nyingi ni yule aliye juu. Mtoto anahitaji poni mzee wa miaka 12 na kuendelea, aliyekwisha kubeba watoto wengine na kuzoea vilio vyao. Zaidi ya hayo, poni huishi miaka 25 mpaka 30, na binti yako atamzidi kimo kabla hajamaliza sekondari. Na farasi akifungwa peke yake uani, bila farasi mwenzake, anahangaika. Bei ya chini ya jirani ni mwanzo tu wa gharama.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana kwa poni huyu. Ombeni pale wanapojifunzia kama binti anaweza kupewa poni mmoja wa kumhudumia siku mbili kwa wiki kwa malipo kidogo, mvua zote na kiangazi chote. Mwakani mtajua mengi.

Kwa baba yao, usimpinge mezani. Msubiri arudi, watoto wakilala mwambie: "Nimekubali wapande. Nionyeshe nani atamlisha ukiwa Kolwezi." Mwachie karatasi aandike mwenyewe jina la mtu na hela za kila mwezi. Kisha yeye aliyeahidi ndiye awaambie watoto, wewe ukiwa pembeni yake, na awaambie pia hiyo habari ya siku mbili kwa wiki wasiondoke mikono mitupu.

Na jirani yenu mjulisheni wiki hii hii kwamba hamnunui. Anahama, na poni mdogo hivyo anahitaji mnunuzi anayejua kufundisha farasi kabla mwenyewe hajaondoka.