Uliza Kihispania: Tafuta -sha, usitafute -ji-

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja: vile vitenzi vya Kihispania vinavyotembea na me, te na se. Hakuna namna ya kuvikwepa ukitaka kusimulia siku yako tangu kuamka hadi kulala. Nimechagua barua nne.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kitabu chetu kinasema me levanto, me baño na me acuesto ni vitenzi vya kujirejea, yaani mtu anajitendea mwenyewe. Lakini mimi sijiamshi, naamka. Sijiogeshi, naoga. Nikijaribu kutia "ji" kichwani kabla ya kila kitenzi, sentensi inakuwa ngeni na nasahau nilichotaka kusema. Je, nikiiacha hiyo me sitaeleweka? (Mwanafunzi wa jioni)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali hili nalipenda kuliko mengine yote yanayonifikia, kwa sababu anayeliuliza amekwisha kuona kwamba maelezo aliyopewa hayamtoshi. Hiyo "ji" iache. Itakusaidia katika vitenzi vichache, kwingine itakupoteza.

Tazama jinsi lugha yetu inavyofanya kazi. Kwetu kitenzi cha msingi ni kile cha mtu mwenyewe: amka, lala, oga, vaa, keti. Tukitaka kumtendea mtu mwingine ndipo tunaongeza kitu: amsha, laza, ogesha, visha, ketisha. Kihispania kinaanzia upande wa pili. Despertar, kama ilivyo, ni kuamsha. Acostar ni kulaza. Bañar ni kuogesha, vestir ni kuvisha, sentar ni kuketisha, levantar ni kuinua. Sisi tunaongeza ili tutoke kwenye amka tufike kwenye amsha. Wao wanaongeza ili watoke kwenye amsha warudi kwenye amka, na wanachoongeza ni hiyo me, te au se.

Kwa hiyo: Despierto a mi hijo a las seis, namwamsha mwanangu saa kumi na mbili. Me despierto a las seis, naamka saa kumi na mbili. Ukisema despierto ukanyamaza, anayekusikiliza anabaki anangoja kujua unamwamsha nani. (Na saa nazo uziangalie, maana Kihispania kinahesabu kuanzia usiku wa manane: a las siete ya asubuhi ni saa moja, wala si saa saba.)

Umeuliza kama utaeleweka. Mara nyingi utaeleweka, kwa kuwa watu ni waungwana na maneno mengine katika sentensi yanasaidia. Lakini hutakuwa umesema ulichokusudia, na kuna mahali maana inageuka kabisa. Lavo ni "naosha", na huenda ni gari. Me lavo ni mwili wangu.

Njia ninayowafundisha wanafunzi wangu ni hii. Fungua kamusi uone kitenzi kimepewa maana gani. Kama ni maana ya -sha au -za, na wewe unataka kusema habari zako mwenyewe, weka me. Kama kamusi tayari inatoa maana ya mtu mwenyewe, usiweke. Comer ni kula, desayunar ni kupata kifungua kinywa, trabajar ni kufanya kazi: hivi havihitaji msaada. Kwa kulisha wana usemi mwingine, dar de comer. Kamusi nyingi pia zinakuonyesha waziwazi kwa kuandika kitenzi na mkia wa -se: despertarse, acostarse, vestirse.

Jambo moja zaidi, na hili ndilo linalowaangusha wasemaji wa Kiswahili hasa. "Ji" yetu haibadiliki: najipenda, unajipenda, wanajipenda. Ya kwao inafuata mtendaji: me levanto, te levantas, se levanta, nos levantamos, os levantáis, se levantan. Os, yaani ya ninyi, ni ya Hispania. Amerika ya Kilatini utasikia ustedes (ninyi) se levantan, kwa hiyo ukijifunza kwa ajili ya Mexico au Colombia inatosha kuitambua tu. Argentina na Uruguay watakwambia vos (wewe) te levantás, mkazo ukiwa mwishoni. Usistuke, te ni ileile.

SWALI: Habari za kazi, Mwalimu. Niliandika "Me lavo mis manos" kwenye zoezi, wakafuta mis wakaweka las. Kwani mikono si yangu? (Msomaji anayejisomea nyumbani)

JIBU: Ni yako, na me imekwisha kusema hivyo. Me lavo las manos. Me cepillo los dientes. Me pongo la camisa, navaa shati. Me quito los zapatos, navua viatu.

Wanaoteleza hapa ni wale waliofika kwenye Kihispania kupitia Kiingereza. Aliyekuja moja kwa moja kutoka Kiswahili ana faida, ila hajaambiwa kwamba anayo. Sisi tunasema "nanawa mikono", "napiga mswaki", "amevunjika mguu". Nani kati yetu husema "nanawa mikono yangu" bila sababu maalumu? Na ukimhudumia mtoto unasema "namnawisha mikono". Ile m imetosha kutuambia mikono ni ya nani. Kihispania hali kadhalika: Le lavo las manos al niño. Le imefanya kazi ya m yako. Amini sikio lako la Kiswahili hapa. Wakiwa wengi, angalia kila mmoja ana kiungo kingapi: Se lavan la cara, wananawa uso, kwa kuwa kila mtu ana uso mmoja.

SWALI: Nimeona me voy a duchar na pia voy a ducharme. Ipi sahihi? (Mfanyakazi wa zamu)

JIBU: Zote mbili, na maana ni moja: naenda kuoga. Isiyo sahihi ni voy a me duchar. Kitenzi kilichochukua nafsi na wakati kinatanguliwa na me: me ducho, me duché. Umbo la -ar, -er, -ir na lile la -ndo linaweza kuibeba mkiani: ducharme, duchándome. Amri ya kutenda pia inaibeba mkiani, levántate, lakini ya kukataza inairudisha mbele: no te levantes. Me he levantado (nimeinuka) haina njia nyingine, me inakaa mbele ya he. Ninachokusihi ni hiki: mkia wa -se uliouona kwenye kamusi usiuhamishe kama ulivyo. "Nataka kuamka" si quiero despertarse. Ni quiero despertarme. Kosa hili nalikuta hata kwa watu wanaozungumza kwa ufasaha, na linaondoka kwa kusema tu, tena kwa sauti, si kwa kusoma kanuni.

SWALI: Mwalimu, nisahihishie aya hii bila huruma. "Yo despierto a las seis. Me levanto y me ducho. Me desayuno con mi familia. Voy al trabajo. En la noche me acuesto con mi hermano menor a las diez y duermo a las diez y media." (Kaka mkubwa)

JIBU: Ndugu yangu, umeandika vizuri kuliko unavyodhani, lakini sentensi yako ya mwisho imebeba jambo ambalo hukulikusudia kabisa.

Nianze mwanzoni. Despierto inataka me, sababu umeiona hapo juu. Yo iondoe, me na mwisho wa kitenzi vimeshatuambia ni wewe. Me levanto y me ducho, safi, na usijaribu kubana me moja itumikie vitenzi viwili. Me desayuno iwe desayuno. Zipo nchi za Amerika ambako utasikia watu wakiiwekea me, lakini desayuno tupu inakubalika kila mahali, na kwa anayejifunza hilo ndilo la kushika.

Voy al trabajo ni sahihi: naenda kazini. Ungeandika me voy al trabajo ungekuwa unasema unaondoka, unaaga, unaiacha nyumba. Hapa me haihusiani tena na kujitendea. Imeongeza tu ile hali ya kuondoka. Chagua unachotaka.

Sasa me acuesto con. Acostarse con mtu fulani kwa Kihispania kuna maana ileile ambayo "kulala na" kunaweza kuwa nayo kwetu, na kwa mdogo wako hutaki maana hiyo ipite hata akilini mwa msomaji. Sema mnavyoishi: Comparto el cuarto con mi hermano menor, nashiriki chumba na mdogo wangu. Kisha: Me acuesto a las diez. Angalia irabu: me acuesto, te acuestas, lakini nos acostamos. Vivyo hivyo me despierto na nos despertamos, me visto na nos vestimos. Katika wakati uliopo mabadiliko haya huingia pale tu mkazo unapoangukia irabu hiyo, ndiyo maana nos na os huachwa salama.

Mwisho, duermo. Dormir ni kulala usingizi kwa muda fulani: Duermo siete horas. Dormirse ni kile kitambo cha kupitiwa na usingizi. Uliandika saa nne na nusu kama wakati usingizi unapokuchukua, basi ni me duermo. Kati ya acostarse na dormirse kuna nusu saa yako ya kutazama dari, na Kihispania kina maneno ya kuitenga.

Aya yako sasa inasomeka hivi: Me despierto a las seis. Me levanto y me ducho. Desayuno con mi familia. Voy al trabajo. Comparto el cuarto con mi hermano menor. En la noche me acuesto a las diez y me duermo a las diez y media. En la noche nimeiacha. Hispania wangependelea por la noche.

Ukiniandikia tena, isimulie siku ya jana, kwanza yako, kisha ya mdogo wako. Yako itakuwa nyepesi: me desperté, me vestí, me dormí. Kwa mdogo wako chunga mawili, se vistió na se durmió, e ikigeuka i na o ikigeuka u. Nitaisahihisha hapahapa.