Fundi Saa Anajibu: Kronografu ya Elfu Arobaini au ya Laki Nne?

SWALI

Assalaamu alaykum, ami. Mimi ni nahodha wa mashua, nakaa Shela, Lamu. Msimu huu wageni walikuja kwa wingi na nimeweka akiba. Tangu utotoni natamani saa ya kutia ufunguo yenye vitufe viwili ubavuni, ile ya kupimia muda. Sasa nimepata nafasi mbili. Mgeni mmoja mwenye nyumba hapa anahama, anauza Omega Speedmaster yake kwa shilingi laki nne. Rafiki yangu wa Mombasa naye anaweza kuniagizia Seagull 1963 mpya kwa kama elfu arobaini. Wenzangu wananicheka, ati saa ya Kichina itanifia mkononi. Naitaka ya kupimia mashindano ya mashua na ya kuvaa harusini. Laki nne ninazo, lakini ndizo zote, na tanga langu limechakaa. Nifanyeje?

Nahodha, Shela

JIBU

Wa alaykum salaam, Nahodha. Nunua Seagull, na tanga ulishonee jipya. Hilo ndilo jibu langu. Sasa nikueleze sababu, maana hao wanaokucheka hawaijui saa wanayoicheka, na wewe nawe sitaki udhani kwamba Speedmaster ni jina tupu.

Kronografu ni saa mbili ndani ya kasha moja. Moja huenda usiku na mchana. Ya pili hulala mpaka uiamshe. Ukibonyeza kitufe cha juu, wenzo mdogo wa chuma husogeza gurudumu la meno hadi liumane na gurudumu la sekunde, na ile akrabu ndefu ya katikati ikaanza kutembea. Ukibonyeza tena, gurudumu linaachana na mwenzake na breki inaikamata akrabu. Kitufe cha chini ndicho kinachoangusha nyundo zinazorudisha akrabu zote kwenye sifuri kwa pigo moja. Mimi nimezifungua saa hizi miaka mingi hapa Malindi, na bado kila nyundo inapoanguka sawasawa moyo wangu hufurahi.

Anayetoa amri hizo za kuanza, kusimama na kurudi ni mmoja kati ya wawili: ama gurudumu la nguzo, ambalo ukingoni mwake zimesimama nguzo ndogondogo, ama kamu, yaani kipande bapa cha chuma kilichokatwa kwa umbo maalumu. Gurudumu la nguzo ni gumu zaidi kulitengeneza, kitufe chake mara nyingi huwa laini kidoleni, na wapenzi wa saa hulitaja kama alama ya saa ya watu wakubwa. Basi waambie wenzako hivi: Seagull ya elfu arobaini inalo gurudumu la nguzo. Omega waliliacha kwenye Speedmaster ya kawaida mwaka 1968, walipoleta mashine (mtambo wa ndani ya saa) ya 861, wakaingia kwenye kamu, na kamu ndiyo iliyomo mpaka leo. Saa hiyo haikupungukiwa na kitu kwa sababu hiyo. Kamu iliyokatwa vizuri hufanya kazi vizuri.

Na hiyo mashine ya Kichina ina ukoo. Mwaka 1961 China ilitaka kronografu kwa marubani wa jeshi lake la anga, kazi ikapewa kiwanda cha saa cha Tianjin. Kiwanda kilinunua kutoka Uswisi mitambo ya kutengenezea mashine iitwayo Venus 175. Mashine ya ST19 unayoikuta leo ndani ya Seagull 1963 inatokana na hiyo Venus. Hutiwa ufunguo kwa mkono, hupiga mara 21,600 kwa saa, na nyingi zina kioo nyuma ili uione ikifanya kazi.

Kwa hiyo ukiniuliza laki tatu na sitini za tofauti zinakwenda wapi, nitakwambia zinakwenda kwenye mambo yasiyoonekana kwa haraka. Jinsi chuma kilivyosuguliwa makali yake. Mafuta yametiwa wapi na kiasi gani. Nani aliirekebisha saa mpaka ikaenda sawa ikiwa imelala, imesimama na imepinduliwa. Nimefungua Seagull iliyo safi ya kupendeza, na nimefungua nyingine, mashine ni ileile, mafuta yamemwagika mpaka kwenye meno ya magurudumu. Mashine ya ST19 huuzwa na watu wengi kwa majina mengi, na si wote wanaoikagua kabla ya kuifunga kasha. Hapo ndipo bahati inapoingia, na bahati hiyo utaipunguza kwa kumwambia rafiki yako anunue kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa saa yenye kasoro.

Speedmaster yenyewe niiseme kwa heshima yake. Ilitoka mwaka 1957. Tarehe 1 Machi 1965 shirika la anga la Marekani, NASA, liliikubali kwa safari za watu angani baada ya majaribio ambayo saa nyingine zilizoshindanishwa nayo zilishindwa: joto la nyuzi 71 kwa siku mbili na kisha 93, baridi kali, mitikisiko, na unyevu wa zaidi ya asilimia 95 kwa saa 240. Sisi wa pwani tunaujua unyevu unavyofanya chuma. Mwaka 1969 ikafika mwezini. Aprili 1970, chombo cha Apollo 13 kilipoharibika na vifaa vingi kuzimwa ili kuokoa umeme, wanaanga walitumia saa hii kupima sekunde 14 za kuwasha injini na kurekebisha njia ya kurudi nyumbani. Mtu akiipenda saa kwa historia kama hiyo, simlaumu hata kidogo.

Lakini uliza mgeni wako anauza ipi. Tangu 2021 Speedmaster ya kawaida ina mashine ya 3861, inayopimwa ili isizidishe zaidi ya sekunde 5 kwa siku wala isichelewe, na isiyotishwa na sumaku hadi kipimo cha gausi 15,000. Kwa laki nne sidhani kama atakupa hiyo. Huenda ni ya mashine ya 1861 iliyotangulia, nzuri, ila sumaku inaisumbua kama inavyoisumbua Seagull. Nawe una sumaku mashuani: ile spika ya kuwapigia wageni muziki. Saa ikilazwa kando yake usiku mmoja, mizunguko ya springi ya gurudumu la mizani, lile linaloyumba na kuipa saa mwendo, hunatana, springi ikawa kama imefupishwa, na asubuhi saa inakimbia kwa dakika kadhaa. Haijaharibika. Ipeleke kwa fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku, ni kazi ya muda mfupi sana.

Jambo kubwa kwangu ni kufunguliwa. Kila kronografu itafunguliwa, ioshwe, itiwe mafuta mapya, kila baada ya miaka kama mitano hadi minane, na kwa hewa yetu ya chumvi mimi huwaambia watu wasingoje mwisho wa muda huo. Kampuni nyingi za saa za anasa haziwauzii mafundi wa mitaani vipuri. Mimi naweza kuosha Speedmaster, lakini gurudumu likivunjika sina pa kulipata kihalali, kwa hiyo saa itabidi isafirishwe kwa wenyewe. Huduma ya kronografu kwa Omega hupita dola 700, yaani karibu shilingi elfu tisini au zaidi, mbali na usafiri na bima. Kwa pesa hizo ungenunua Seagull mbili mpya ukabakiwa na chenji. Seagull ikiharibika sana, mara nyingi fundi hutoa mashine nzima na kutia nyingine, na bei bado hubebeka. Kununua saa ya anasa ukabakisha mfuko mtupu ni kama kununua mashua na kukosa pesa ya kalafati. Wewe mwenyewe ungemshangaa mtu huyo.

Kuna jambo moja ambalo Speedmaster inaishinda Seagull waziwazi kwa kazi yako, nami sitalificha. Kijiduara cha kuhesabia dakika kwenye Seagull kinafika 30 tu, kisha kinaanza upya. Speedmaster ina cha dakika 30 na kingine cha saa 12. Mashindano ya mashua hayaishi ndani ya nusu saa, hasa upepo ukilala. Ukiwa na Seagull, angalia akrabu kubwa za saa wakati bunduki inapolia na uandike. Hapo utajua ni nusu saa ngapi zimepita, na kronografu itakupa dakika na sekunde zilizobaki. Mabaharia wamepima hivyo miaka mingi.

Halafu maji. Seagull nyingi huandikwa mita 30, Speedmaster mita 50. Usizisome namba hizo kama ruhusa ya kupiga mbizi. Ni vipimo vya maabara, saa ikiwa imetulia na mipira yake ya kuzuia maji ni mipya. Vitufe viwili ni milango miwili zaidi ya chumvi kuingilia. Saa yoyote kati ya hizi ipimie ukiwa nchi kavu, au umekaa mahali pakavu ndani ya chombo cha waamuzi. Ukiwa wewe ndiwe unayeshika usukani, vaa saa ya plastiki ya elfu mbili. Ukirudi, futa kasha kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) na kukamuliwa, na usivae mkanda wa ngozi kazini. Chumvi na jasho huuozesha upesi.

Kama hata baada ya haya moyo umeng'ang'ania Speedmaster, kwanza tanga lipatikane, na elfu tisini za huduma ziwe kando. Kisha usilipe kabla ya kukaa na saa hiyo siku nzima. Itikise: Speedmaster ya kawaida hutiwa ufunguo kwa mkono tu, kwa hiyo ukisikia uzito unazunguka ndani, hiyo ni ya aina nyingine au ni ya bandia. Anzisha kronografu, isimamishe, irudishe. Akrabu zote zitue kwenye sifuri kamili, si pembeni. Iache ikizunguka kwa saa kadhaa na uangalie kama akrabu ya dakika inaruka vizuri. Linganisha na saa ya simu leo na kesho wakati uleule. Tazama chini ya kioo kama kuna ukungu au kutu ya kijani pembezoni. Omba karatasi za ununuzi na risiti ya huduma ya mwisho. Mgeni mwaminifu hatachukia kuulizwa.

Na kitufe cha chini usikibonyeze kamwe kabla ya kusimamisha kwa cha juu. Mashine nyingi nilizoletewa zimevunjwa na vidole vya watoto wa mwenye saa.

SWALI

Shikamoo fundi. Ninafundisha riadha katika shule moja hapa Malindi. Dukani wananiuzia kronografu ya betri, mashine ya Seiko VK63, wakisema kitufe chake ni cha kimekanika. Wananidanganya?

Mwalimu, Malindi

JIBU

Marahaba, mwalimu. Hawakudanganyi. Moyo wake ni wa betri, lakini akrabu hurudishwa sifuri kwa nyundo ya chuma, ndiyo maana inaruka kwa pigo moja badala ya kutambaa. Akrabu ya kronografu hupiga mara tano kwa sekunde, kihesabio chake kinafika dakika 60, na kosa lake ni kama sekunde 20 kwa mwezi, jambo ambalo Speedmaster ya Omega, pamoja na bei yake, haiahidi. Kwa mbio za mita 1,500 inakutosha. Kwa mita 100 chukua saa ya michezo ya kidijitali inayosoma sehemu ya mia ya sekunde, maana hata kronografu ya Zenith El Primero ya mwaka 1969, iliyosifiwa kwa kupima sehemu ya kumi ya sekunde, haifiki huko. Badilisha betri mara inapokwisha, usiiache ikavuja ndani.